Mia Tano Kabla ya Saa Sita

Prudent alikuwa rais. Si wa nchi. Nchi ina rais wake. Alikuwa rais wa parking ya pikipiki kwenye njia panda ya Rwambuzi, aliyechaguliwa na madereva arobaini na watatu kwa kunyoosha mikono, wawili kati yao wakidhani ni kuomba soda. Parking yenyewe haikuwa na paa. Mvua ikinyesha, madereva walijibana kwenye baraza la duka la dawa mpaka mwenye duka awakumbushe kwamba hawaumwi.

Ndiyo maana wiki ile Prudent alitembea kama mtu aliyepewa ng'ombe. Mji ulikuwa unapanga upya njia zake, na Elodie, mhandisi kijana, alimweleza kanuni: Jumanne kila kinachopita kitahesabiwa. Njia panda itakayopitisha pikipiki mia tano kabla ya saa sita mchana itachorewa parking yenye paa. Isipofikisha, inafutwa kwenye ramani.

“Mia tano?” Prudent alicheka. “Mama ingénieur, hiyo tunaimaliza mbele ya chai.”

Jumanne, tangu saa kumi na mbili asubuhi, Elodie alisimama kando ya barabara, karibu na mfereji, na kizibao chake cha njano, kalamu na karatasi. Kufika saa tatu alikuwa amehesabu mbuzi kumi na wanne, baiskeli sitini, watu mia saba kwa miguu, na pikipiki tisa.

Tisa! Kwa motard, dereva wa pikipiki wa mji huu wa Bunia, mtu mwenye karatasi kando ya barabara ana kazi moja tu duniani: kutoza taxe, yaani kodi. Anayemwona humwinulia mwenzake vidole viwili, na mwenzake hugeuza. Sheria hiyo aliitunga Prudent mwenyewe, na katika sheria zake zote ndiyo pekee iliyowahi kufuatwa.

Akampigia simu Médard, makamu wake. “Médard, mupite huku! Hakuna taxe, ni hesabu tu!”

“Président, nani iko pembeni yako?”

“Mama ingénieur.”

“Iko na karatasi?”

“Iko nayo, lakini...”

“Pole sana, Président. Bale ba taxe bakikuachilia, utatubipu.” Simu ikakatwa.

Prudent akamgeukia Elodie. “Mama, vua hiyo kizibao.”

“Ni ya usalama.”

“Ndiyo inatuua.”

Akamkalisha kwa Kaswera, muuza mandazi. “Hapa si bureau,” Kaswera alionya. “Anayekaa anakula.” Elodie akanunua mandazi matatu, akaficha karatasi chini ya kitambaa cha beseni, akawa anachora mstari kila anapotafuna.

Pikipiki ya kwanza ilikuja polepole, dereva akichungulia kama kuku mgeni. Ikapita salama. Zikaja tatu. Zikaja kumi. Vidole viwili viligeuka kidole gumba, na barabara ikafunguka kama bomba.

“Ule wa nyuma umemukosa!” Kaswera alipiga kelele, mandazi yakiungua. “Na ule wa matoke!”

“Ngapi sasa?” Prudent aliruka-ruka.

“Ukiniuliza tena, narudilia moja.”

Saa sita kasoro dakika tano: mia nne themanini na nane. Barabara ikanyamaza. Prudent alikuwa amekwisha kushika kichwa aliposikia mngurumo kutoka upande wa soko. Médard alikuwa mbele, taa zimewashwa, na nyuma yake pikipiki thelathini na nne kwa mstari mmoja.

“Président!” Médard alipaza sauti. “Tumekuja kukutoa! Bamekufungia wapi?”

“Pita!” Prudent alifoka. “Pita kwanza, utanitoa nyuma!”

Wakapita wote. Mia tano ishirini na tatu. Prudent akamkumbatia Kaswera na unga wake wote. Honi zililia, na bila kupoteza dakika madereva wakaanza kugombana: bati liwe la bluu ao nyekundu?

Elodie alisubiri watulie. “Paa mumepata. Lakini watu wa miguu ni elfu mbili mia moja kumi na sita. Upande huu utakuwa njia yao. Parking itaenda ng'ambo ya mufereji.”

“Ng'ambo ya mufereji?” Médard aliuliza.

“Ng'ambo.”

Wote wakamtazama rais. Rais aliutazama mfereji, akakunja suruali, akaruka. Huko ng'ambo, kati ya magugu, akaanza kupima kwa hatua, akihesabu kwa sauti. Kufika kumi na nne akageuka.

“Médard! Leta pikipiki yako, tuone kama inaenea.”