Friji la bei chee la marehemu baba lilivyokuwa linafakamia umeme

Wakuu, habari za mihangaiko? Hii siyo chai. Imetokea kwetu Kihonda, Moro, na mama yangu yupo hai wa kuniumbua nikiongopa.

Marehemu baba alikuwa mbahili wa kiwango cha lami. Alinunua friji la mtumba kwa bei chee, akatamba nalo mtaa mzima. Mama akaanza kuuza barafu za ubuyu, na ndizo zilizotusomesha mimi na dada.

Sasa lile friji, jamani! Linaunguruma kama mashine ya kukoboa. Unaingiza umeme wa LUKU, ukigeuka uniti hazipo. Mzee akaamua kulifunika blanketi, eti ubaridi usitoke. Kumbe ndiyo likazidi kula, maana joto la mgongoni lilikosa pa kutokea. Nani angemwambia? Thubutu!

Nikitoka shule nalifungua, nalaza shavu kwenye mlango wa barafu. Raha yake acheni tu.

Baba alipofariki, mama akagoma kulibadilisha. Faida yote ya barafu ikawa inaishia kwenye umeme, akaanza kusema anaacha biashara. Niliumia sana, maana mama bila barafu zake anakosa hata wa kupiga naye stori.

Nikajikaza nikanunua jipya, lile linalotumia umeme kidogo. Bei ilinitoa jasho, nusura nighairi nichukue mtumba kama mzee. Ila uniti sasa zinakaa, wakuu! Watoto wanamgongea mama geti mchana kutwa.

Lesson niliyopata: usiangalie bei ya dukani tu. Friji la bei rahisi unaweza kuendelea kulilipia kila siku na usijue.

Juzi kati nikaenda kumsalimia.

"Shikamoo mama. Friji linasemaje?"

"Marahaba. Linagandisha vizuri, mwanangu. Ila liko kimya mno. Lile la baba yako likiunguruma, nilikuwa naona nyumba ina watu."

Nikaenda stoo kuchukua kiti. Friji la mzee lipo, halijachomekwa, ndani mama kaweka mchele wa Dakawa. Juu kalifunika blanketi lile lile.

Nikalifungua, nikalaza shavu pale pale. Halina baridi tena. Machozi yalinitoka, siwafichi.

Dada anasema linajaza nafasi, tuliuze skrepa. Wakuu, ingekuwa nyie mngeliuza?