Samaki Aliyeletwa na Mdogo Wangu

Mdogo wangu alishuka kwenye treni hapa Mpanda akiwa na begi moja na chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, kaifunika kwa kipande cha neti. Ndani mlikuwa na samaki mwekundu, mdogo kuliko kidole changu, mapezi yamemwagika kama pindo la gauni la harusi.

"Anaitwa beta," alisema. "Hawekwi na dume mwenzake, watauana. Anaishi peke yake."



Miezi miwili nyuma alikuwa amejifungua mtoto ambaye hakupumua. Mume wake ndiye aliyenipigia simu kutoka Dar: "Dada, nakuomba ukae naye kidogo. Huku hataki hata kufungua dirisha." Yule samaki walimnunua akae kwenye chumba cha mtoto.

Mimi naishi mtaa wa Makanyagio, nashona nguo barazani. Sikuwahi kufuga samaki. Kijijini kwetu Majimoto tulikowaacha wazazi, samaki ni kambale, na kambale ni mboga. Lakini nilimwona mdogo wangu anavyoiinamia ile chupa, nikajiapiza kuwa huyu samaki hafi nyumbani kwangu. Ilikuwa hofu tupu iliyonisukuma.

Fundi wa madirisha ya aluminiamu alitukatia vioo vitano, akavigandisha kwa gundi ya silikoni. Tulisubiri siku kadhaa ikauke, nyumba nzima inanuka siki. Mdogo wangu alichemsha changarawe, akaacha maji ya bomba kwenye ndoo wazi mchana na usiku ili dawa ya klorini ipungue. Tangi hakulijaza mpaka juu, maana beta hupanda kuvuta hewa. Kila baada ya siku chache alibadilisha maji kidogo, si yote. Nywele zake mwenyewe zilikuwa zimemshinda kuchana, ila kazi ile hakuiruka hata mara moja. Mimi nilikamata viluwiluwi vya mbu kwenye tairi bovu nyuma ya nyumba, na beta alivirukia kwa hasira.

Mwezi wa sita baridi ikaingia. Asubuhi moja tulimkuta amelala chini kabisa, hasogei. Tukalizungushia tangi blanketi, tukatumbukiza ndani chupa iliyofungwa yenye maji ya uvuguvugu, taratibu, mpaka akatikisa pezi. Tangu siku hiyo nilikuwa naamka na kwenda kwenye tangi kabla ya kunawa uso. Nikishaona anapumua, nachungulia chumbani kwa mdogo wangu kuona kama na yeye anapumua.

Kisha siku moja mdogo wangu akaenda kliniki kuangaliwa afya yake, peke yake, kwa mara ya kwanza. Nikasema nimsaidie, nibadilishe maji. Kwenye kona kulikuwa na ndoo mbili, zote za bluu. Nilichota, nikamimina. Haikupita muda samaki akaanza kujigonga kwenye kioo, kisha akapanda juu ubavuubavu, mashavu yamefunguka. Nikanusa mkono wangu, unanuka dawa. Ilikuwa ndoo ya maji ya kunywa, na asubuhi ile nilikuwa nimeitia dawa ya kutibu maji kwa mkono huohuo.

Nilimchota kwa bakuli, nikamtia kwenye beseni lenye maji ya ndoo ya pili, yale yaliyokaa wazi. Nikakaa sakafuni. Niliwaza nitafute mwingine mwekundu, lakini Mpanda nitampata wapi? Niliwaza niseme nilikuwa naosha vioo.

Mdogo wangu akaingia.

"Dada, mbona yuko kwenye beseni?"

"Nimemwekea maji yenye dawa," nikasema. "Nilichanganya ndoo. Nisamehe, mdogo wangu."

Akapiga magoti. Samaki alikuwa amepauka, rangi kama tofali bichi. Nilisubiri apige kelele.

"Ulimtoa muda gani?"

"Palepale nilipoona."

"Basi uliona mapema," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Mimi sikuona. Siku mbili nzima mtoto hakucheza tumboni, nikajua amelala. Sijamwambia mtu, Dada. Hata mume wangu hajui."

"Hukujua."

"Ningekwenda hospitali siku ya kwanza."

Nilimshika bega, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni. Alilia mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza, "Nyie, kuna msiba?" Nikamwambia upo, wa zamani kidogo.

Samaki alikaa siku tatu hali kitu, ncha za mapezi zimechanika. Siku ya nne alimeza kiluwiluwi kimoja, tukashikana mikono kama watoto.

Baada ya mavuno mdogo wangu alikwenda Majimoto kwa mama. Tangu msiba simu za mama alikuwa hazipokei. Yale aliyoniambia alimwambia na yeye. Kisha akarudi kwa mumewe. Samaki alibaki kwangu, tuliogopa asiiweze tena safari ile.

Juzi amenipigia. Ana mimba ya miezi sita.

"Nahesabu anavyocheza," alisema, "asubuhi na jioni. Leo asubuhi kacheza mara kumi."

"Na jioni?"

"Jioni bado, Dada. Saa hizi ndiyo nakaa kuhesabu."

Akakata simu. Nikaiweka juu ya cherehani, nikaacha kushona, nikasubiri anipigie tena.