Meno Niliyotupa Juu ya Nyumba ya Koko

Wivu wangu ni wa siku nyingi, nao uliamka tena majuzi, Goma, katika chumba cha daktari wa meno. Wacha nikusimulie wewe, maana najua hutanicheka.

Dada yangu mkubwa alikuwa amemleta binti yake wa miaka kumi na miwili, nami nikatoka Mubi, ninakoishi, kuja kuwasindikiza. Meno ya mtoto yamebanana, mengine yamepanda juu ya wenzake. Daktari alimpima kinywa, akasoma picha ya radio, yaani eksirei, akamtazama midomo kutoka upande. Akasema kuna njia mbili. Ya kwanza ni kung'oa meno manne mazima, ili yanayobaki yapate nafasi na yanyooshwe kwa nyaya. Ya pili ni kuyaacha yote na kupanua taya polepole, kazi ya muda mrefu zaidi.

"Kwake nafasi inakosekana kidogo tu," akasema. "Njia zote mbili zinaweza kufaa. Lakini jino la ukubwani likitoka, halirudi."

Dada akanigeukia. "Wewe njo unajua shida ya meno. Kenye utasema, njo tutafanya."

Aliniachia uamuzi hivyo akitabasamu, na ule mwanya wa meno yake ya mbele ukaonekana. Nikataka kusema wamng'oe. Nakuambia ukweli: nilitaka mtoto wa mwenye mwanya aonje kidogo shida niliyokula mimi na meno yangu yaliyopandana maisha yangu yote.

Tulilelewa na bibi yetu, tuliyemwita Koko, kwenye mlima mmoja wa Masisi. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni, na nyumba ilinuka moshi na maharagwe yaliyolala jikoni. Tulichota maji, tukapalilia mihogo, tukarudi na matope hadi magotini. Akina mama wakipita walimsimamisha dada tu. "Cheka kidogo tuone huo mwanya," walisema, na yeye akacheka. Mimi nilisimama pembeni na ndoo yangu kichwani, nikimchukia.

Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa maziwa. Hatukuwa na ng'ombe. Koko alibadilisha maharagwe kwa maziwa kwa jirani mfugaji, na hayakuwa ya kila siku. Ila mtoto aking'oka jino, alilitupa juu ya paa la nyasi akiomba jipya, kisha Koko akampa bakuli zima la maziwa ya mgando, na siku hiyo hakuchota maji. Dada alinizidi miaka miwili. Meno yake yalidondoka moja baada ya jingine, na mimi nikachota maji yake huku yeye akilamba bakuli.

Basi nikaanza kuyatikisa yangu. Nilikuwa na miaka minane. Nilijificha nyuma ya nyumba, nikayasukuma kwa ulimi na kidole siku nyingi, kisha nikayafunga kwa uzi wa mgomba na kuvuta. Nilitoa manne, yote ya pembeni. Damu ilinijaa mdomoni, lakini nilikunywa maziwa mara nne. Na ajabu, mwaka uleule bakuli la dada likakoma. Nikaona nimemshinda.

Daktari alikuwa ameona jinsi ninavyofunika mdomo. Akaniuliza kama meno yangu ya utoto yalitoka mapema. Yakitoka kabla ya wakati, akasema, ya nyuma husogea mbele na kula nafasi ya yanayokuja. Miaka yote hiyo niliamini dada alipewa meno mazuri, mimi nikapewa mabaki.

"Miye mwenyewe niliyang'oaka," nikamwambia dada. "Juu nilitaka maziwa."

"Nilijuaka," akasema. "Nilikuona na ule uzi, nikaambia Koko. Akaniambia nisikupatishe haya mbele ya watu. Njo maana meno yangu ya mwisho nilikuwa natupa kimya, bila kuomba maziwa, ili using'oe ingine."

Mwanya anao, na wema pia anao mwingi kuliko mimi. Nilimwonea wivu pale pale, mbele ya daktari, kuliko siku zote za mlimani.

"Musing'oe," nikasema. "Mutoto atangoja."

Koko alishatutoka. Jirani alihama na ng'ombe wake, na pale ilipokuwa nyumba pameota nyasi tupu. Meno yangu manne yamo humo udongoni, pamoja na yale ya dada aliyonyamazia.

Tulipotoka, mtoto alilalamika njaa. Dada akanunua maziwa ya mgando kwa mama mmoja kando ya barabara. Alijaza kikombe cha kwanza, mtoto akanyoosha mkono, lakini dada akampita na kunipa mimi. Nilikunywa yote, sikumbakizia mtu.