Bolti za Gari la Ushirika

Mpaka leo nikipita gereji na kusikia harufu ya mafuta ya taa yaliyodondokea chuma cha moto, nabana pua na kuharakisha hatua. Wenzangu hunitania kwamba nawaringia mafundi. Hawajui kwamba harufu ile inanirudisha uani kwetu Kibiti, miaka ya soko huria ilipoanza, ushirika ulipofilisika na pikapu yake aliyokuwa akiendesha baba ikauzwa kwa tajiri mmoja wa Dar.

Miaka yake ya mwisho pikapu hiyo ilikodishwa kubeba kamba wa baharini kutoka Nyamisati. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yalichuruzika hadi kwenye bomba la moshi. Bomba likatoboka, na bolti zake zikaliwa na kutu hata hujui kichwa kiko wapi. Ikiwashwa, watoto wachanga walilia mtaa mzima.

Baba aliileta nyumbani. Alimwambia mama, "Tajiri kanambia, nikilitoa bomba hili bila kukata bolti hata moja, usukani unabaki wangu."

Basi nyumba nzima ikawa ya bolti. Baba alizisugua kwa brashi ya waya, akazidondoshea mafuta ya taa, akaziacha zilale. Asubuhi alichukua makaa jikoni, akayatia kwenye kopo na kuliegemeza kwenye bolti mpaka chuma kikapata moto. Hakuanza kwa kulegeza. Alikaza kidogo, akasikiliza, ndipo akalegeza kiasi cha unywele. Mimi na wadogo zangu tulikatazwa hata kukohoa.

"Baba Zuhura," mama alisema, "huu wali utaivia juani?" Lakini alipuliza makaa mengine, akampa.

Bolti ya mwisho ilitoka ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Baba alitambaa kutoka chini ya gari, uso umejaa masizi, akicheka peke yake. Jioni akafunga bomba jipya alilopewa na tajiri.

Tajiri alikuja kesho yake na kijana. Alilitazama bomba jipya, akamlipa baba ufundi wake, akashukuru kwa adabu, kisha akampa kijana ufunguo. Baba alikuwa amevaa shati lake la kazi, limepigwa pasi. Alibaki mlangoni mpaka vumbi likatulia. Hakupata tena gari la kuendesha. Alikwenda kulima mpunga Mohoro, akawa mtu wa kunyamaza.

Nilimchukia tajiri yule kwa moyo wangu wote. Hata baada ya arobaini ya baba, mimi mtu mzima mwenye watoto, nilimlaani mbele ya mama aliyekuwa akichagua mchele.

"Mwache mtoto wa watu," mama alisema. "Hakuahidi kitu. Dereva alikuwa naye tangu mwanzo, mke wa karani wa ushirika aliniambia. Baba yako alishindwa kuniambia kazi imekwisha, akatunga hilo la usukani. Naona alidhani akiifanya kazi ile vizuri, yule bwana atabadili nia."

"Mbona hukumwambia kwamba unajua?"

"Ningemwambia nini, mwanangu? Zilikuwa siku zake za mwisho za udereva."

Uchungu ulinipanda upya, safari hii sina wa kumtupia. Tajiri hakutudhulumu. Na baba, ambaye ningemwambia kwamba kwetu alikuwa baba hata bila usukani, nilikuwa nimekwisha kumzika.