Siku ya Vunja Jungu Nilipomwiga Mama

Harufu ya shuka linalopigwa pasi likiwa bado na unyevu hunipandisha joto usoni mpaka leo. Wengine hukumbuka usafi. Mimi hukumbuka aibu. Niwaambie kwa nini, ila msiharakishe kucheka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini mama alikuwa kibarua katika chumba cha dobi cha hoteli moja huko Galu. Kila alasiri alirudi nyumbani kwetu Ukunda, kanga yake ikinukia wanga na pasi, akaketi ukingoni mwa kitanda na kuongea peke yake. Pazia letu lilikuwa na tundu, nami nilikuwa na miaka tisa na kazi kidogo, kwa hiyo nilimsikia yote.

Wiki moja alikuwa na neno zito. Msimamizi wao, Madam Esther, mwanamke wa bara asiyetaka mchezo kazini, alikuwa amemfokea mbele ya wenzake kwa sababu ya shuka lililoungua. Siku ya kwanza mama alilisema lile neno kwa hasira, kidole juu: "Wewe Madam, mimi si mtoto wako! Unaniona mimi punda?" Akatikisa kichwa. "La, hivyo sivyo." Siku ya pili punda akaondolewa. Siku ya tatu kidole kikatulia mapajani. Kila alasiri aliyachambua maneno yake kama mchele, akijiuliza na yeye alikosea wapi. Mimi niliona kichekesho tu. Mama mzima anaongea na ukuta!

Ikafika siku ya vunja jungu, ile karamu ya mchana kabla ya kuingia Ramadhani, ambapo kwetu watu huombana radhi ili waufunge mwezi wakiwa na mioyo mikunjufu. Mama akawaalika wenzake wa kazini, na Madam Esther pia, ingawa ni Mkristo. Nilijua alitaka kumwambia lile neno baada ya chakula. Nilijua pia, kwa kuwa nyumba nzima ilijua, kwamba Madam ndiye angeandika majina ya vibarua watakaoajiriwa kabisa, na kwamba mama alikuwa amelisubiri hilo miaka minne.

Walikula wali wa nazi na mchuzi wa papa mpaka wakajilegeza mikekani. Jirani yetu, Bi Mwanakombo, akaniita. "Hebu njoo utuigizie watu, Mwanasha, tucheke kidogo." Nikamwiga mwalimu mkuu, nikamwiga muuza mafuta ya taa, wakacheka mpaka machozi. Sifa zikanilevya. Nikamwiga mama. Na katika siku zote nilizomsikiliza nilichagua ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na punda.

"Wewe Madam, mimi si mtoto wako! Unaniona mimi punda?"

Hakuna aliyecheka. Madam Esther alinawa mikono polepole, akachukua mkoba wake. "Asante kwa chakula, Mama Mwanasha. Wacha niende, nisichelewe." Mama alimfuata hadi barabarani akimsemesha, na Madam akaitikia kwa kichwa bila kumtazama. Majina yalipotoka, la mama halikuwamo.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Alisema tu, "Ulilolisikia, mwanangu, nilikuwa sijalimaliza." Tangu siku hiyo sikumsikia tena akiongea peke yake. Akitoka kazini alibadilisha kanga, akaingia jikoni.

Miaka mingi baadaye, nikiwa msimamizi wa wahudumu katika hoteli moja ya Diani, tulipelekwa semina. Mkufunzi akatuambia tuandike neno gumu tunalotaka kumwambia mwenzetu wa kazini, tulikate, tuliandike upya, kisha tujiulize sehemu yetu ya kosa. Wenzangu walipiga miayo. Mimi niliona haya mpaka masikio yakawaka, maana yule mkufunzi alikuwa analipwa kutufundisha jambo ambalo mama alilifanya bila karatasi, nami nikaligeuza mchezo wa kuchekesha wageni.

Jioni nilikwenda kwa mama, nikamwomba radhi, nikamwuliza siku ile angesema nini hasa. Hakuhitaji hata kufikiri.

"Madam, shuka nililichoma mimi, na naomba radhi. Lakini siku nyingine nikikosea, niite kando, uniambie tukiwa wawili."

Nikainamisha kichwa. Sikuthubutu kumwambia kwamba jana yake tu nilikuwa nimemfokea mhudumu wangu mmoja mbele ya meza nzima ya wageni, naye alikuwa bado hajanijibu neno.