Hesabu za Mtoni

Juzi nilimwona mwalimu wa mwanangu akifundisha hesabu kwa machungwa, nikakumbuka shule yetu enzi za Mjerumani. Amri ilikuwa tusome ubaoni tu. Mwalimu wetu yeye alitupeleka mtoni, tukajumlisha kokoto, miguu imeganda kwa maji ya Uluguru.

Mkaguzi wa Kijerumani akaja, akauliza, "Hesabu mmejifunzaje?"

Nikaruka: "Mtoni, bwana! Ubao unatuletea usingizi!" Wenzangu wakacheka.

Mwalimu akaitwa nyuma ya darasa. Nikasikia kama mkeka unakung'utwa, nikadhani wanamwandalia pa kukaa kwa heshima. Kumbe viboko, nilikuja kujua ukubwani.

Akatoka anachechemea.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Umejibu vizuri."

Mungu anisamehe, nilifurahi siku nzima.