Mjane wa Ghala la Silaha

Askari wa wanyamapori walimpachika jina la Masizi, naye akaitika. Kabla ya hapo alikuwa mke wa mwenzao, yule aliyevamiwa na nyati vichakani. Bunduki ya marehemu ilifyatua risasi moja. Ya pili haikupanda kwenye chemba, mahali risasi hukaa kabla ya kupigwa. Walipoifungua, walikuta pistoni ya gesi imegandamana na masizi kama chungu cha jiko la kuni.

Msiba haujapoa, mjane akaenda kuomba kazi ya kusafisha bunduki ghalani. Wakamcheka. Akarudi kesho yake, akarudi tena, hadi mkuu wa kambi akachoka kumfukuza, akaamuru afundishwe.

Mchana mmoja shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimkuta mezani, bunduki imefumuliwa, anasugua kile kitundu cha mtutu ambamo gesi ya baruti hupenya kwenda kuisukuma pistoni, ili risasi nyingine ijipakie.

"Shemeji, mama kaniagiza nikurudishe nyumbani. Kitu kilichomuua kaka, wewe unakipakata?"

"Bunduki haikumuua. Uvivu ndio uliomuua. Nje waliifuta ikang'aa, kwenye bomba la gesi wakamwaga mafuta. Mafuta yakiungua humo yanakuwa gundi. Kwangu pistoni inarudi kavu."

"Watu wanasema, shemeji."

"Midomo yao, sijaikodi."

"Basi chagua: kazi hii au sisi."

Brashi haikusita. "Mwambie mama namheshimu sana. Lakini siondoki. Anayetaka kuning'oa hapa aje na winchi."

Haikupita wiki, mama mkwe akafika mwenyewe, akakalia kreti tupu bila kukaribishwa.

"Winchi sina," alisema. "Nimekuja na miguu yangu."

"Karibu, mama. Ila siondoki."

Uani, askari alikuwa akijaribu bunduki iliyotoka kusafishwa. Ilipiga mfululizo, haikukwama. Kila mlio ulimshtua bibi yule.

"Ya mwanangu ilipiga ngapi?"

"Moja, mama."

Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta. Kisha akasimama, akajikung'uta nguo.

"Mimi sikubali. Nasema sikubali hata kidogo!" Akaonyesha kidole bunduki zilizosimama ukutani zikingoja kusafishwa. "Ila hizo nazo, usiziache hivyo."

Shemeji hadi leo akikutana naye hugeuza uso. Masizi humwamkia yeye kwanza, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, mikono yake, myeusi kwa masizi, ikiwa wazi.